Walichagua Vilivyotangulia

Kisa hiki ni cha kweli, na hakikutokea mahali pamoja. Kilitokea Kanada, Denmark, Uholanzi, Marekani na kwingineko, katika maabara za watu wenye elimu na bidii, tangu mwisho wa miaka ya 1980 hadi mwisho wa miaka ya 1990. Walikuwa wakijifunza kumwanzisha ndama nje ya tumbo la mama yake. Walifanikiwa, lakini pamoja na mafanikio hayo wafugaji walipata ndama waliozidi uzito, ng'ombe waliotaabika kuzaa, na madume wengi kuliko walivyotarajia. Nakisimulia kwa sababu kazi ile sasa imefika karibu na mazizi yetu. Tena kosa lililofanyika ni la aina ambayo yeyote kati yetu angeweza kulifanya akiwa na nia njema kabisa, na mimi simo nje ya hesabu hiyo.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mwezi Juni 1981, huko Pennsylvania nchini Marekani, alizaliwa ndama aliyepewa jina la Virgil. Alikuwa wa kwanza duniani kutokana na yai la ng'ombe lililorutubishwa nje ya mwili, kazi ya Benjamin Brackett na wenzake. Kiinitete chake hakikukaa sana maabara. Kilirudishwa ndani ya ng'ombe kikiwa bado na seli chache tu, na kukirudisha kulihitaji upasuaji, kwa kuwa kiinitete cha umri huo mahali pake ni kwenye mrija wa mayai, kabla hakijateremka katika mfuko wa uzazi.

Upasuaji hauwezi kuwa kazi ya kila siku ya mfugaji. Ikiwezekana kukitunza kiinitete hadi siku ya 7, basi mtaalamu anaweza kukipitisha kwenye mlango wa uzazi kwa mpira mwembamba, karibu sawa na anavyofanya mhimilishaji. Hilo ndilo likawa lengo la kila maabara: siku saba. Nalo lilikuwa gumu. Viinitete vya ng'ombe vilikuwa vikigawanyika vizuri hadi seli 8, labda 16, kisha vinasimama na kufa. Wengine waliviazima viinitete hivyo hifadhi ndani ya mrija wa mayai wa kondoo, wakavitoa baada ya siku kadhaa. Wengine waliotesha seli za mwili ndani ya sahani ya maabara ili ziwe walezi. Na wengi, karibu wote, waliongeza seramu, yaani yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda na kuchujwa.

Seramu ilifanya kazi. Viinitete vikavuka kile kizuizi, vikafika hatua ya blastosisti, ambapo seli zimejipanga kama kijifuko chenye maji ndani na upande mmoja kuna kifundo cha seli zitakazokuwa ndama. Tena vilifika mapema na kwa wingi zaidi. Ninaomba tusimame hapa kidogo, maana kila kilichofuata kilizaliwa katika furaha ya hatua hii. Kwa kuwa tatizo la miaka mingi lilikuwa kufikisha kiinitete siku ya 7, kipimo cha mafanikio kikawa kimoja: mayai mangapi kati ya mia yamekuwa blastosisti, na yamefika siku ipi. Makala ziliandikwa kwa kipimo hicho, na maji ya kukuzia yaliboreshwa kwa kipimo hicho hicho.

Sasa mfikirie fundi anayefungua inkubeta asubuhi ya siku ya 7. Mbele yake kuna viinitete ishirini. Vitano vimejaa maji, vimetanuka, vinang'aa. Vingine saba viko nyuma kidogo. Vilivyobaki vinasuasua. Ng'ombe wapokeaji wako watano tu, wameandaliwa, wanasubiri. Atachagua vipi? Atachagua vile vitano vilivyotangulia. Ningekuwa mimi nimevaa lile koti jeupe ningefanya vivyo hivyo, na ningetoka nikiwa na hakika kwamba nimempa mfugaji kilicho bora. Mfugaji naye asingelalamika, maana nani anataka kiinitete kilichochelewa?

Dalili ya kwanza ilionekana mapema, na ilichapishwa. Mwaka 1991 Birthe Avery na wenzake wa Denmark walichunguza jinsia ya viinitete vilivyokuzwa maabara, na mwaka uliofuata Xu, Yadav, King na Betteridge wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, wakafanya uchunguzi wa aina hiyo hiyo. Walichokikuta kilielekea upande mmoja. Viinitete vilivyotangulia vilikuwa kwa wingi vya kiume. Vilivyochelewa vilikuwa kwa wingi vya kike. Kwa hiyo fundi aliyedhani anachagua afya alikuwa, bila kujua, anachagua madume.

Mfugaji wa maziwa anayeisoma habari hii ameshaelewa uzito wake. Kwa mfugaji wa Tanga, Njombe, Kiambu au Nyandarua, mtamba ni mali ya miaka. Ndama dume wa Friesian kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu wa maziwa ni mdomo wa kulisha unaouzwa mapema kwa bei ndogo. Mtu akigharamia kiinitete kwa sababu anataka kizazi cha mama mwenye maziwa mengi, kisha njia iliyotumika ikawa inawapunguza majike kimyakimya kabla hata ya kupandikizwa, amelipia kinyume cha alichokitaka.

Dalili hii ilikuwa na undani zaidi. Katika mwaka ule ule wa 1991, kundi lile la Guelph, likiongozwa katika kazi hiyo na Tiffin na Rieger, lilipima jinsi viinitete vya ng'ombe vinavyotumia glukosi, yaani sukari ya damu. Waligundua kwamba vya kiume na vya kike havili sawa. Katika hatua ya kutanuka, vya kiume vilitumia glukosi nyingi zaidi kwa jumla. Vya kike vilipitisha sehemu kubwa zaidi ya glukosi yao katika njia ya pembeni, inayoitwa njia ya pentosi, ambayo kazi yake kubwa si kutoa nguvu bali kutengeneza malighafi za kujengea seli na kinga dhidi ya uharibifu wa oksijeni.

Sababu inayotajwa sana iko kwenye kromosomu. Ng'ombe ana kromosomu 60. Jike ana X mbili, dume ana X moja na Y. Katika mwili uliokomaa, X moja ya jike huwa imenyamazishwa ili jinsia zote mbili zitumie kiasi kinacholingana cha maagizo yake. Lakini katika siku hizi za mwanzo unyamazishaji huo haujakamilika, na X zote mbili za jike zinasema. Juu ya X ndiko iliko jeni ya kimeng'enya kinachofungua mlango wa ile njia ya pentosi, kiitwacho G6PD. Jike akiwa na nakala mbili zinazofanya kazi, anakitengeneza kwa wingi zaidi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2010, Pablo Bermejo-Álvarez, Alfonso Gutiérrez-Adán na wenzao walionyesha kwamba karibu theluthi moja ya jeni zinazofanya kazi katika blastosisti ya ng'ombe zinatofautiana kiwango kati ya dume na jike. Theluthi moja, katika umri wa wiki moja, kabla hakijaumbika kiungo chochote cha uzazi. Wengi wetu tulifundishwa kwamba tofauti ya dume na jike huanza pale viungo vinapoanza kuumbika. Kumbe inaanza kwenye chakula.

Na chakula chenyewe kilikuwaje? Hapa ndipo ninapoona dalili iliyokuwa wazi kuliko zote na isiyotazamwa. Maji ya kukuzia yaliyotumiwa katika maabara nyingi yaliitwa 199. Yalitungwa mwaka 1950 huko Toronto na Morgan, Morton na Parker, kwa ajili ya kutunza tishu za kifaranga. Yana glukosi gramu 1 kwa lita, ambayo ni kama milimoli 5.5. Damu ya ng'ombe mwenyewe, kwa kuwa ni mnyama anayecheua na nguvu zake nyingi hazitoki kwenye sukari, kwa kawaida huwa na glukosi kati ya milimoli 2.5 na 4 hivi. Maana yake, kiinitete kilichopaswa kukaa mahali penye sukari kidogo kiliwekwa ndani ya maji yenye sukari kuliko damu ya mama yake. Namba hizi mbili zilijulikana. Moja iliandikwa kwenye kibandiko cha chupa, nyingine iko katika vitabu vya daktari wa mifugo. Hazikuwekwa meza moja.

Zilipowekwa, majibu yalikuja haraka. Mwaka 1996, Bredbacka na Bredbacka walionyesha kwamba glukosi ndiyo inayotawala ile tofauti ya kasi kati ya viinitete vya kiume na vya kike. Mwaka 2001 Gutiérrez-Adán na wenzake walionyesha kwamba kuweka glukosi kwenye maji ya kukuzia kunabadilisha uwiano wa jinsia kuelekea madume. Huko Missouri, katika maabara ya Michael Roberts, Kimura na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba glukosi ikizidi, wanaoumia zaidi ni majike. Kwa maneno mengine, jike hakuwa mzembe. Alikuwa amewekwa mahali pasipomfaa, kisha akahukumiwa kwa kuchelewa.

Kuna jambo jingine kutoka maabara hiyo ya Missouri ambalo linanigusa. Kiinitete cha ng'ombe kinapokua kinatoa protini inayoitwa interferoni tau, ambayo ndiyo ujumbe unaomwambia mama kwamba ana mimba ili mwili wake usianze tena mzunguko wa joto. Larson na wenzake waliripoti mwaka 2001 kwamba blastosisti za kike zilitoa protini hiyo kwa wingi kuliko za kiume. Yule aliyeonekana dhaifu chini ya hadubini ndiye aliyekuwa akipaza sauti zaidi.

Dalili ya pili haikuhitaji kipimo chochote, macho yalitosha. Viinitete vilivyolelewa kwenye seramu vilikuwa na rangi nyeusi kuliko vilivyotolewa tumboni mwa ng'ombe. Weusi huo ulikuwa matone ya mafuta yaliyojazana ndani ya seli. Na vilipogandishwa kwa ajili ya kuhifadhiwa, vingi havikuvumilia. Viinitete vya tumboni viliyeyushwa na kuendelea kukua vizuri, hivi vya maabara vilikufa. Mafundi waliliona hilo kila wiki. Lakini lilichukuliwa kuwa tatizo la kugandisha, wakatafuta njia bora ya kugandisha. Swali la kwa nini kiumbe cha wiki moja kinajaza mafuta mwilini lilichelewa kuulizwa.

Dalili ya tatu ilitoka kwa kondoo. Australia Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Simon Walker na wenzake walieleza kuhusu wanakondoo wakubwa isivyo kawaida waliotokana na viinitete vilivyokuzwa katika maji yenye seramu. Mwaka 1995, huko New Zealand, Jeremy Thompson na wenzake waliandika wazi kwamba uzito wa mwanakondoo wakati wa kuzaliwa unategemea maji aliyokuziwa katika siku zake za kwanza. Siku chache ndani ya sahani, na athari inaonekana miezi mitano baadaye kwenye mizani.

Ndama nao wakaanza kuzaliwa. Waliopimwa walikuwa wazito kuliko wa uhimilishaji. Mimba zilipitiliza siku. Mama wengine walijaa maji tumboni kupita kiasi kwa sababu kondo halikuumbika sawasawa. Ndama wengine walizaliwa na ulimi mkubwa, na kitovu kilichovimba au ukuta wa tumbo usiofunga, na moyo uliotanuka. Wengine hawakuweza kupumua wala kusimama kunyonya. Wengi walitolewa kwa upasuaji, na vifo vya saa za kwanza viliongezeka. Mwaka 1997 Waholanzi Kruip na den Daas walizikusanya habari hizo zilizokuwa zimetawanyika katika maabara mbalimbali wakaziweka pamoja, na tatizo likapata jina linaloeleweka kwa kila mfugaji: ndama wakubwa kupita kiasi.

Niseme wazi ili tusichanganye mambo. Wingi wa madume na ukubwa wa ndama si ugonjwa mmoja. Wingi wa madume ulitokana hasa na glukosi na ile tabia ya kuchagua vilivyotangulia. Ukubwa ulifungamana zaidi na seramu na zile seli walezi. Hata hivyo vyote viwili vilipita katika mlango mmoja, ule wa kuamini kwamba kinachokua haraka kinakua vizuri. Anayeotesha miche anajua kwamba mche uliokuzwa kwa mbolea nyingi kitaluni hurefuka na kupendeza, kisha jua la shambani linaulaza. Watu hawa walikuwa na miche ya kupendeza, na shamba liliwajibu baada ya miezi tisa.

Hiyo miezi tisa ni sehemu kubwa ya jibu la kwa nini dalili zilipuuzwa. Aliyeandika daftari la maabara hakuwa yule aliyeshika kamba kumvuta ndama usiku. Fundi alihesabu blastosisti, akaandika asilimia, akafunga ukurasa. Daktari wa mifugo alikutana na ndama wa kilo nyingi mno kwenye zizi la mbali, akadhani fahali aliyetumika ana uzao mkubwa. Mfugaji alipoona madume watatu mfululizo alisema ni bahati mbaya, na kwa mfugaji mmoja kweli inaweza kuwa bahati. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, na kila kipande peke yake kilikuwa na maelezo yanayoridhisha. Hakukuwa na uovu katika jambo hili. Kilichokosekana ni mtu wa kurudisha taarifa ya zizi hadi kwenye ile chupa ya kukuzia.

Pia kulikuwa na majivuno kidogo, na tuyaseme kwa upole. Mtu akishatatua jambo lililowashinda wenzake kwa miaka, ni vigumu kwake kuutilia shaka ufunguo alioutumia. Seramu ilikuwa imefungua mlango. Kuitoa kulimaanisha kukubali viinitete vichache zaidi, asilimia ya chini kwenye makala, na pengine kushindwa na maabara jirani.

Ufafanuzi wa ndani ulikuja mwaka 2001. Lorraine Young na wenzake huko Scotland walichunguza vijusi vya kondoo vilivyokuwa vikubwa kupita kiasi baada ya kukuzwa maabara. Walikuta kwamba jeni iitwayo IGF2R, ambayo kazi yake ni kuzuia ukuaji usizidi, ilikuwa imefifia kwa sababu alama za kemikali zinazoiongoza zilipotea. Maandishi ya jeni yenyewe hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni zile alama zinazoambia seli lini isome na lini iache, na zilivurugika ndani ya siku zile chache za sahani. Mwaka 2003 madaktari wa binadamu walianza kuripoti kwamba watoto waliotungwa kwa msaada wa maabara walionekana zaidi ya ilivyotarajiwa miongoni mwa wenye ugonjwa adimu wa Beckwith-Wiedemann, unaofanana sana na huo wa ndama: mwili mkubwa, ulimi mkubwa, kitovu kisichofunga. Baadaye Rocío Rivera na wenzake wa Missouri walionyesha kwamba magonjwa haya mawili yanashabihiana hata katika alama zilizovurugika. Watoto wengi sana waliotungwa kwa njia hiyo ni wazima kabisa, na ugonjwa wenyewe ni adimu, kwa hiyo sitaki mzazi yeyote aogopeshwe na mstari huu. Nautaja kwa sababu ng'ombe alitangulia kutuonya.

Marekebisho yalifanyika, na yanatia moyo. Maabara nyingi ziliacha seramu na zile seli walezi. Zikarudi kwenye maji yaliyotungwa kwa kuiga majimaji ya mrija wa mayai, kazi iliyokuwa imeanzwa tangu mwaka 1972 huko Cambridge na Tervit, Whittingham na Rowson, yakiwa na glukosi milimoli 1.5 tu. Oksijeni ikapunguzwa hadi asilimia 5, badala ya ile 20 na ushei ya hewa tunayovuta, kwa sababu ndani ya ng'ombe oksijeni ni kidogo. Huko Dublin, Dimitrios Rizos, Patrick Lonergan na wenzao waliweka wazi jambo ambalo kila fundi angepaswa kulibandika ukutani: wingi wa blastosisti unaamuliwa zaidi na ubora wa yai, lakini ubora wa blastosisti unaamuliwa na mahali ilipolelewa. Naye Henry Leese wa Chuo Kikuu cha York, mwaka 2002, alitoa wazo kwamba kiinitete kinachoelekea kuishi ni kile kinachotumia chakula kwa utulivu, na kwamba kinachohangaika na kula kwa pupa mara nyingi kiko katika kutengeneza kilichoharibika. Wazo hilo bado linajadiliwa, lakini limewafanya watu waache kukisifu kiinitete kwa shughuli nyingi tu.

Leo duniani huzalishwa zaidi ya viinitete milioni moja vya ng'ombe kwa mwaka kwa njia ya maabara, na Brazil ni miongoni mwa wanaoongoza. Ndama wakubwa wamepungua sana lakini hawajaisha. Anayetaka mitamba anaweza pia kutumia mbegu zilizochaguliwa jinsia, kwa kuwa mbegu ya fahali yenye X ina DNA zaidi ya ile yenye Y kwa asilimia 4 hivi na mashine inaweza kuzitenganisha. Mbegu hizo zinafika kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania. Lakini hata mbegu ikichaguliwa vizuri, kiinitete cha kike kikilelewa kwenye maji yenye sukari nyingi bado kitakuwa kimewekwa mahali pasipokifaa.

Sasa nizungumze na wafugaji wenzangu na vijana wetu wanaosomea kazi hii. Viinitete vinaingia Afrika Mashariki, na vitaingia zaidi. Mara nyingi ng'ombe anayepokea mimba atakuwa zebu wetu au chotara wake, kwa sababu ndiye aliyepo, ndiye mvumilivu wa kupe na ukame. Ndama wa zebu mdogo huzaliwa na kilo 20 hivi. Ndama wa Friesian wa kawaida, bila tatizo lolote, hukaribia kilo 40. Ongeza juu ya hapo hata sehemu ndogo ya uzito wa ziada ule wa miaka ya 1990, kisha ufikirie nyonga za yule mama, na umbali wa kutoka zizini hadi kwa daktari wa upasuaji. Huko Uholanzi daktari alifika kwa gari ndani ya muda mfupi, na bado ndama walikufa. Kwetu atakayekufa ni ndama na mama yake, na pamoja nao ada ya shule.

Kwa hiyo chagua mpokeaji mwenye mwili na nyonga za kutosha, na andika tarehe ya kupandikiza. Mimba ikipita siku zake usiseme tu kwamba ni ya dume, mwite daktari. Tumbo likijaa upesi isivyo kawaida katika miezi ya mwisho, mwite pia. Ndama akizaliwa mpime, hata kwa ile mizani ya mahindi, uandike kilo zake na jinsia yake, kisha umpelekee taarifa hiyo yule aliyekuuzia kiinitete, hata kama hakukuomba. Usisubiri ushirika au serikali ianze. Vijana wa maabara, nanyi wekeni ukurasa wa ndama waliozaliwa ndani ya daftari lile lile la blastosisti, na msikubali kusifiwa kwa asilimia ya siku ya 7 kabla ukurasa huo haujajaa. Siku mtakapoona madume wanazidi kwa kundi kubwa, msiite bahati, angalieni chupa.

Na wewe unayetaka kununua, kabla hujatoa fedha uliza mambo haya: kiinitete kimelelewa kwenye maji gani, yana seramu au hayana, glukosi yake ni kiasi gani, na ndama waliotangulia kutoka maabara hiyo walizaliwa na uzito gani na wangapi walikuwa majike. Muuzaji mwaminifu atakuwa na majibu hayo au atayatafuta. Asiyekuwa nayo wala haoni haja ya kuyatafuta, usinunue kwake.